Uzamili wa Utafiti katika Ustawi wa Jamii: Unaingia Kusomea Nini Hasa?

Mwombaji wa shahada ya uzamili katika ustawi wa jamii hukutana mapema na swali ambalo fomu hailifafanui: masomo ya darasani au utafiti? Wengi hujaza kwa kuangalia ada na muda, au kwa kumsikiliza aliyetangulia. Aliyechagua utafiti huja kushtuka baadaye. Hakuna ratiba ya vipindi wala mtihani wa mwisho wa muhula. Kuna msimamizi mmoja au wawili, na wanachodai ni kurasa.

Anayesoma kwa njia hii anahama upande. Kazini alizoea kujiuliza mtu huyu asaidiwe vipi. Sasa anatakiwa kuuliza msaada wenyewe unafanya nini, kwa nani, na kwa gharama ya nani. Ugumu mwingi wa shahada hii unatokana na kuhama huko, ingawa miongozo ya vyuo hutumia kurasa nyingi zaidi kueleza ukubwa wa herufi na upana wa pambizo.

Shahada moja, sura nyingi

Kuna uzamili wa darasani. Huu una kozi, mitihani, na mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Lengo lake ni mtendaji aliyeiva. Marekani, kwa mfano, programu ya uzamili iliyoidhinishwa hudai angalau saa 900 za mafunzo kwa vitendo. Kuna uzamili wa tasnifu tupu, ambapo karibu mzigo wote uko kwenye kazi moja ya utafiti. Kati ya hizo mbili kuna mseto: muda wa kozi kwanza, kisha tasnifu fupi zaidi.

Jina la shahada halitakusaidia sana kuzitofautisha, kwa sababu kila nchi ina mazoea yake. Tazama mgawanyo wa krediti, yaani vipimo vya mzigo wa masomo. Afrika Kusini, uzamili una krediti 180 na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo anayefanya tasnifu tupu anatarajiwa kutumia saa zipatazo 1,800 juu ya swali moja. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30. Chuo kikikuambia tasnifu ina krediti 30 kati ya 120, jua unakwenda kusoma kozi zenye utafiti ndani yake. Si vibaya, mradi uwe unajua.

Hapa ndipo watu huumia: katika nchi nyingi, leseni au usajili wa kitaaluma hutegemea saa za mafunzo kwa vitendo. Uzamili wa tasnifu tupu mara nyingi hauna saa hizo. Mtu aliyetoka fani nyingine, tuseme sosholojia au ualimu, anaweza kumaliza na tasnifu safi kabisa kisha akakuta haruhusiwi kujiita afisa ustawi wa jamii. Swali hilo liulizwe kwa bodi ya usajili yenyewe kabla ya kulipa ada. Ofisi ya udahili ya chuo haiamui nani asajiliwe.

Kwa nini wasaidizi wa watu wahitaji ushahidi

Mwaka 1915 Abraham Flexner, aliyekuwa amejijengea jina kwa kukosoa vyuo vya udaktari vya Marekani, aliwaambia wafanyakazi wa jamii waziwazi kwamba kazi yao haijafikia hadhi ya taaluma kamili. Maneno hayo yaliwachoma. Miaka miwili baadaye Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa fani hii, alichapisha kitabu kikubwa cha kuonyesha kwamba kazi hii ina utaratibu wake wa kukusanya na kupima ushahidi kuhusu hali ya mtu. Ubishi ule haukuisha. Fasili ya kimataifa ya kazi za ustawi wa jamii iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 inaitaja kuwa ni taaluma ya vitendo na pia uwanja wa elimu, mambo mawili kwa pamoja.

Lakini hoja nzito zaidi ya utafiti haikutoka kwenye mabishano ya hadhi. Ilitoka kwa wavulana wa miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts. Katika miaka ya 1930 daktari Richard Clarke Cabot alianzisha mradi wa kuwaepusha wavulana na uhalifu. Waliwekwa wawili wawili waliofanana kwa umri, familia na mazingira, kisha sarafu ikarushwa: mmoja apewe mshauri, mwenzake aendelee na maisha yake kama kawaida. Waliopata huduma walitembelewa nyumbani, wakasaidiwa masomo, wakapelekwa kwa madaktari, wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Mradi ulifungwa mwaka 1945. Waliosalia hadi mwisho walikuwa wavulana 506, nusu kila upande.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta, wakati huo wakiwa watu wazima. Alichapisha matokeo mwaka 1978. Wengi wa waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia, na baadhi walikumbuka washauri wao kwa mapenzi makubwa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema kingine. Waliohudumiwa walionekana zaidi kurudia uhalifu, kuonyesha dalili za ulevi, kuugua magonjwa makubwa ya akili, na kufa mapema, kuliko wenzao walioachwa. Baadaye uchambuzi ulielekeza kidole kwenye zile kambi: ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana.

Kama si lile kundi la pili, mradi ule ungeandikwa kwenye ripoti kuwa umefanikiwa sana, tena kwa nukuu za wanufaika wenyewe. Ripoti nyingi za miradi bado zinaandikwa hivyo hadi leo. Mwanafunzi wa uzamili hatafanya utafiti wa miaka 30, lakini anatakiwa kuondoka chuoni akiwa hawezi tena kusoma sentensi “wanufaika wamefurahia huduma” bila kuuliza: ukilinganisha na nini?

Kutoka mada hadi swali

Pendekezo la kwanza la mwanafunzi huwa kama hili: “Athari za umaskini kwa watoto wa mitaani.” Ni mada ya maisha ya watu kumi, si ya tasnifu moja. Tena jibu lake limeshajulikana kabla ya kuanza, kwa hiyo mwanafunzi atakwenda uwandani kukusanya mifano ya anachokiamini tayari.

Msimamizi mzuri huanza kuuliza. Watoto gani? Wale waliokwisha kurudishwa kwa familia zao kisha wakaondoka tena. Unataka kujua nini kuwahusu? Kwa nini wanaondoka mara ya pili. Nani atakuambia? Watoto, walezi, na maafisa waliowarudisha. Je, hawa watatu watasema jambo moja? Hapo mwanafunzi husita, na kusita huko ndiko kunakozaa swali: walezi na maafisa wanaelezaje sababu za mtoto kuondoka tena nyumbani ndani ya mwaka wa kwanza wa kuunganishwa na familia, na maelezo hayo yanatofautiana wapi na ya watoto wenyewe?

Swali hilo lina watu wanaojulikana, muda unaojulikana, na jibu ambalo hakuna anayelijua bado. Linaweza pia kumshangaza mwenye kuliuliza. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: kama hakuna jibu lolote linaloweza kukukera, bado hujapata swali.

Kuhusu nadharia nitasema machache. Wanafunzi wengi huitaja katika sura ya pili nadharia ya ikolojia ya Urie Bronfenbrenner, inayomwona mtoto akikua ndani ya mazingira yanayozungukana kama familia, shule na jamii, huchora miduara yake, kisha hawairudii tena hadi hitimisho. Mtahini huliona hilo haraka. Nadharia iwekwe kama itakusaidia kuona kitu kwenye data ambacho usingekiona bila hiyo. Kama haikusaidii, tafuta nyingine.

Na msimamizi? Soma makala zake mbili za karibuni kabla ya kumwandikia. Waulize wanafunzi wake anarudisha rasimu baada ya muda gani. Umaarufu wa profesa asiyesoma rasimu zako hautakuvusha sura hata moja. Baada ya kila kikao mtumie barua pepe fupi yenye mlichokubaliana. Itakuokoa siku atakapokuuliza nani alikuambia uende njia hii.

Kofia mbili juu ya kichwa kimoja

Watafiti wa fani nyingine huingia kwa watu wakiwa wageni. Afisa ustawi wa jamii haingii hivyo. Anajulikana, au ofisi yake inajulikana, na ofisi hiyo ina uwezo wa kutoa au kunyima kitu: posho, mapendekezo mahakamani, nafasi ya mtoto kituoni. Anapokuja na kinasa sauti akisema safari hii amekuja kama mwanafunzi, anayeambiwa hana njia ya kutenganisha hayo mawili.

Historia ina onyo kali. Kati ya 1932 na 1972, huko Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940, hawakupewa. Kilichowaweka watu wale kwenye utafiti kwa miaka 40 kilikuwa, kwa sehemu kubwa, imani. Muuguzi Eunice Rivers aliwafahamu mmoja mmoja, akawachukua kwa gari kwenda kupimwa, akawajulia hali nyumbani. Alikuwa karibu nao kweli, na ukaribu huo ndio uliotumika. Fedheha ile ilizaa ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo misingi yake mitatu (kumheshimu mtu, kumtendea mema, na haki katika kugawana mzigo na faida) imo leo katika fomu nyingi za kamati za maadili.

Kwa hiyo kamati ikirudisha pendekezo lako mara mbili, usiichukulie kama urasimu mtupu. Mara nyingi inatafuta jambo moja: je, mtu huyu anaweza kukukatalia kweli? Tazama tofauti ya sentensi hizi mbili kwenye fomu ya ridhaa. Ya kwanza: “Ushiriki wako ni wa hiari.” Ya pili: “Ukikataa, huduma unazopata hazitabadilika, na afisa anayekuhudumia hataambiwa kama ulikubali au ulikataa.” Ya kwanza ni kweli kwa sheria. Ya pili inajibu hofu aliyonayo anayeisoma. Lakini ili uiandike ya pili ni lazima uwe umepanga kazi yako iwe hivyo kwelikweli: usiwasaili wateja wako mwenyewe, aliyekutambulisha asijue nani alikuja, na usaili ufanyike mahali ambapo hapatazamwi na ofisi.

Pili, usiahidi usiri usio na mipaka. Mtu akikueleza katikati ya usaili kwamba kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi, hutaweza kukaa nalo ati kwa sababu umevaa kofia ya mtafiti. Mpaka huo unasemwa mwanzoni, kabla kinasa sauti hakijawashwa, kwa lugha ya kawaida, ili msimuliaji aamue mwenyewe atasema nini. Kwa watoto kuna ngazi ya ziada. Mlezi hutoa ridhaa, lakini mtoto naye lazima akubali, na mtoto akisema hapana, ridhaa ya mlezi haitoshi.

Tatu ni jambo ambalo hakuna fomu inayolikamata. Mikono ya mtoa huduma imezoea kutenda. Anaposikia tatizo anataka kulitatua: ampe namba ya simu, amshauri, ampigie mtu. Kwenye usaili wa utafiti tabia hiyo hukata hadithi katikati. Msimuliaji akishaona umeanza kumsaidia, anaanza kukueleza yale yanayostahili msaada na kuacha mengine. Namna nzuri ni kubeba orodha ya mahali pa kupata huduma, kuitoa mwisho, na wakati wa mazungumzo kuuliza tu, “Ikawaje baada ya hapo?” Mtu akilia, zima kinasa sauti kwanza. Mengine muulize yeye: tuendelee, tupumzike, au tuishie hapa?

Kubadilisha jina pia hakutoshi kumficha mtu. “Neema, miaka 38, mjane wa mwalimu mkuu, mama wa mapacha” anajulikana na kila mtu wa eneo lake hata ukimwita jina gani. Chunguza ni maelezo gani hoja yako inayahitaji, mengine yaache au yafanye ya jumla.

Kusoma walichosema

Takwimu zinaogopwa kupita kiasi, na usaili unadharauliwa kupita kiasi. Wengi huchagua usaili kwa kukimbia hesabu, kisha hukuta rekodi ya saa moja inahitaji saa nne hadi sita, au zaidi, kuiandika neno kwa neno. Usaili wa watu 20 ni miezi ya kazi kabla ya uchambuzi kuanza. Swali linaloulizwa sana ni idadi ya watu. Mwaka 2006 watafiti Guest, Bunce na Johnson walichambua usaili 60 wa wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona mada nyingi zilikuwa zimekwisha kujitokeza kufikia usaili wa 12. Tangu hapo namba 12 imezunguka kwenye tasnifu kama amri, watu wakisahau kwamba wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Ukiwa na walezi, maafisa na watoto, hayo ni makundi matatu, si moja.

Uchambuzi wenyewe una sura gani? Chukua mfano wa kubuni, mlezi akisema: “Walikuja watatu, wakaandika kwenye daftari lao, wakasema watarudi. Mimi sikuuliza kitu, nisije nikaonekana mkaidi.” Anayeanza ataweka alama pembeni: “ukosefu wa ufuatiliaji.” Si kosa, lakini hilo ni neno la ofisi, tena linapatikana kwenye kila ripoti. Soma tena. Mlezi amefanya kitu: amenyamaza kwa makusudi. Alama iwe “kunyamaza ili asionekane mkaidi”. Walezi wengine wanne wakisema mambo ya namna hiyo, umeanza kuona ukimya kama njia ya kujilinda mbele ya watu wenye daftari. Sasa fungua majalada ya ofisi, kama una kibali, utafute ziara zile zile. Ukikuta imeandikwa “mlezi alikubaliana na mpango”, umepata kiini cha tasnifu yako: ofisi inasoma ukimya kuwa ni ridhaa. Hakuna programu ya kompyuta itakayokuonyesha hilo. NVivo na ATLAS.ti, programu za kuchambulia usaili, hupanga na kutafuta haraka, na matoleo ya sasa hupendekeza hata alama, lakini kusoma ni kazi yako.

Majalada yenyewe ni hazina inayosahauliwa, hasa kwa anayefanya kazi huku akisoma na hawezi kusafiri. Ila yasomwe kwa tahadhari. Jalada huhifadhi kile ambacho ofisi ilitakiwa kukijaza, na mengi yaliyomtokea mtu hayana kisanduku chake kwenye fomu.

Baada ya kuwasilisha

Tasnifu husomwa na watahini, kwa kawaida mmoja akiwa wa nje ya chuo. Nchi nyingine mwanafunzi huitetea mbele ya jopo, nyingine ni ripoti za maandishi tu. Kurudishiwa marekebisho ni jambo la kawaida, hata kwa kazi nzuri. Lawama zinazorudiwa ni zile zile: hitimisho linalosema zaidi ya data, na mapendekezo ambayo yangeweza kuandikwa bila utafiti kufanyika. “Serikali itenge bajeti ya kutosha” ni sentensi ya kufuta. “Fomu ya ziara ya nyumbani iongezwe sehemu ya maneno ya mlezi mwenyewe” ni pendekezo, maana kuna mtu ofisini anayeweza kulitekeleza.

Shahada hii hufungua mlango wa uzamivu, ualimu wa chuo, tathmini ya miradi na kazi za sera. Kwa anayetaka kubaki na wateja kila siku, na kupanda cheo humo humo, uzamili wa darasani mara nyingi utamfaa zaidi. Hakuna aibu katika hilo.

Kuna kazi mbili ndogo ambazo wahitimu wengi huziacha nusu. Ya kwanza ni muhtasari wa kurasa mbili, kwa lugha wanayoizungumza waliosailiwa, wa kile ulichokipata. Wanaohusika wausome au wasomewe kabla ofisi haijaupata. Ya pili ni ile tarehe uliyoiandika kwenye fomu ya ridhaa, kwamba sauti zao zitafutwa. Iandike kwenye kalenda siku unayoisaini fomu, na hakikisha nakala za kwenye simu, kompyuta na hifadhi ya mtandaoni zote zimo kwenye hesabu.